Ishirini na Moja kwa Punje za Mahindi

Leo mazungumzo yangu ni ya karata. Wapo wazazi na wazee wa kanisa ambao wakilisikia neno hilo mkono utakwenda kwenye redio waizime, nami nawaelewa, kwa sababu nyumba nyingi za kaunti hii ya Nakuru zimeona karo ya shule, na wakati mwingine hata shamba, vikiishia kwenye kamari. Hata hivyo nawaomba wazee wangu mkae nami hadi mwisho. Sikuja kumvuta mtoto wa mtu mezani.

Vijana wa Njokerio na Ng'ondu, pale kando ya Chuo Kikuu cha Egerton, wana swali moja wanaloniuliza mara kwa mara: katika michezo yote hii ya pesa, je, upo hata mmoja ambao mtu akiusoma akauelewa, elimu hiyo itamfaa? Sisi watu wazima tumezoea kulijibu swali hilo kwa kukemea. Na kijana akikemewa bila kujibiwa, huenda kutafuta jibu kwingine, na huko kwingine siku hizi ni kwenye Telegram, kwa mtu ambaye tayari ana programu ya kumuuzia.

Mimi nitalijibu. Mchezo huo upo. Ni ishirini na moja, ule ambao kwenye kasino na kwenye simu huitwa blackjack. Uchezaji wake bora umepigiwa hesabu hadi mwisho, ukachapishwa, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuujua wote. Pia nitawaambia, kwa hesabu na si kwa vitisho, elimu hiyo inampa mtu kiasi gani. Ukikijua kiasi hicho hasa, hakuna tapeli atakayekuuzia zaidi ya hapo.

Chukueni pakiti ile ile mnayochezea kadi hosteli, mkitoleana maswali kwa kwini na kutangaza "niko kadi" mtu akikaribia kumaliza. Toeni jokeri, zibaki karata 52. Kopa, shupaza, uru au maua, hapa havina kazi. Tunatazama thamani peke yake. Mbili ni mbili, tisa ni tisa. Kumi, jeki, kwini na kingi zote ni kumi. Eisi huhesabiwa moja au kumi na moja, ile inayokufaa wakati huo, na unaweza kuibadilisha katikati ya mchezo jumla yako ikizidi.

Huchezi na jirani yako. Hata mkiwa watano mezani, kila mmoja ana shughuli yake na mgawaji, yule anayegawa karata kwa niaba ya nyumba ya kamari. Unaweka dau kabla hujaona chochote. Anakupa karata mbili, naye anajipa mbili, moja ikiwa wazi na nyingine kaifunika. Lengo lako ni jumla inayoishinda ya kwake bila kuvuka ishirini na moja. Ukivuka umeungua, na dau limekwenda papo hapo. Mkilingana, dau lako linarudi. Karata zako mbili za kwanza zikiwa eisi na yoyote ya kumi, umepata ishirini na moja ya mkono wa kwanza, na malipo yake halali ni shilingi tatu kwa kila shilingi mbili ulizoweka.

Zamu yako ikifika unaweza kuomba karata, moja moja, mpaka utosheke au uungue. Unaweza kutulia na ulichonacho. Unaweza kuongeza dau maradufu, na hapo unapewa karata moja tu, basi. Na ukipewa karata mbili za thamani moja, unaweza kuzipasua ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake.

Mgawaji hana hiari hata moja ya hizo. Akiwa na kumi na sita au chini yake, lazima achukue karata. Akifika kumi na saba, lazima atulie. Hata akiona nyote mezani mna kumi na nane na yeye ana kumi na saba, hawezi kubahatisha. Amefungwa na kanuni, na ni kwa sababu amefungwa ndiyo maana tunaweza kukokotoa atakavyoishia.

Sasa mtu atauliza: ikiwa yeye amefungwa na mimi niko huru, faida ya nyumba hutoka wapi? Hutoka kwenye zamu. Wewe hucheza kwanza. Ukiungua, dau lako huzolewa hapo hapo, na mgawaji akija kuungua baadaye haikusaidii, pesa zako zimekwisha ondoka. Kwa wastani mgawaji huungua mara 28 hivi katika kila mara 100. Chukulia kijana anayejiambia, "nitamwiga mgawaji, nichukue mpaka kumi na saba kama yeye, tutakuwa sawa." Naye ataungua mara 28 katika 100. Mara ambazo wote wawili wangeungua ni karibu nane katika mia, na zote hizo nane ni za nyumba. Hata ukiongeza yale malipo ya tatu kwa mbili, mwigaji huyu hupoteza zaidi ya shilingi tano katika kila mia anazoweka. Watu wengi hawajui hili. Wanadhani nyumba hula kwa ujanja wa vidole vya mgawaji. Karata zinaweza kugawanywa kwa uaminifu kabisa na bado nyumba ikala.

Mchezo wenyewe ni mzee. Cervantes wa Uhispania aliutaja katika hadithi aliyoichapisha mwaka 1613, akieleza walaghai wa karata. Lakini kwa karne nyingi watu waliucheza kwa kubuni, kila mzee wa mezani na imani yake. Katika miaka ya 1950, wanaume wanne waliokuwa katika jeshi la Marekani, kwenye kambi ya Aberdeen huko Maryland, walianza kuupigia hesabu kwa mashine za kukokotolea za mezani, hesabu moja baada ya nyingine. Walikuwa Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott. Waliuliza jambo ambalo ukilisikia ni rahisi: kwa kila mkono unaoweza kupewa, na kila karata anayoweza kuionyesha mgawaji, ni uamuzi gani unaopoteza kidogo zaidi au kuleta zaidi? Mwaka 1956 jibu lilitoka katika jarida la chama cha wanatakwimu wa Marekani. Miaka michache baadaye mwanahisabati Edward Thorp aliifanya kazi hiyo tena kwa kompyuta kubwa ya IBM, akatoa kitabu mwaka 1962, na kompyuta ikaonyesha kwamba wale wanne hawakuwa wamekosea kwa kiasi cha kutajika. Mimi huwaheshimu sana watu hao wanne. Waliketi na mashine zao, wakaifanya kazi yote, kisha wakaitangaza hadharani. Tangu hapo hakuna mtu mwenye haki ya kuiuza kama siri.

Haya, tuingie kwenye mbinu yenyewe, na mwenye kalamu aishike.

Katika thamani kumi na tatu za pakiti, nne ni za kumi. Kwa hiyo karata usiyoiona ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya kumi kuliko thamani nyingine yoyote. Mgawaji akionyesha sita, jumla anayoelekea zaidi kuwa nayo mkononi ni kumi na sita. Kanuni inamlazimisha kuchukua, na karata nyingi zilizobaki zitamuunguza. Akionyesha tano au sita, huungua mara 42 hivi katika mia. Akionyesha nne, mara 40. Mbili na tatu ziko kwenye 35 hadi 37. Ukifika saba hesabu inaanguka ghafla, mara 26, na akionyesha ya kumi haifiki mara 24. Kwa hiyo mpaka uko kati ya sita na saba. Mbili hadi sita, mgawaji ni dhaifu. Saba hadi eisi, ana nguvu.

Ukiushika mpaka huo, sehemu kubwa ya mbinu inajieleza yenyewe. Ukiwa na kumi na saba au zaidi, bila eisi, tulia daima. Ukiwa na kumi na tatu hadi kumi na sita, tulia mgawaji akiwa dhaifu, maana unamwachia yeye nafasi ya kuungua. Akiwa na nguvu, omba. Kumi na mbili ni tofauti kidogo: tulia akiwa na nne, tano au sita tu, na penginepo omba, kwa sababu ni thamani nne peke yake katika kumi na tatu zinazoweza kukuunguza. Nane na chini yake, omba bila kuwaza.

Kumi na moja ni mkono wa kufurahia. Hakuna karata itakayokuunguza, na nne katika kumi na tatu zinakupa ishirini na moja kamili. Ongeza dau maradufu mgawaji akionyesha chochote kuanzia mbili hadi kumi. Ukiwa na kumi, ongeza akionyesha mbili hadi tisa. Ukiwa na tisa, ongeza akionyesha tatu hadi sita. Wanaoanza huogopa hapa. Huona ni tamaa kuongeza pesa katikati ya mchezo, wakaacha. Lakini nafasi za mchezaji kuwa juu ya nyumba ni chache, na hizi ndizo zenyewe. Asiyeongeza hapa hulipa hasara zake zote kwa ukamilifu na kuchukua faida zake nusu.

Jozi za eisi pasua daima. Zikikaa pamoja ni kumi na mbili, mkono mbovu. Ukizitenga, kila moja inaanza na kumi na moja. Jozi za nane pasua daima pia, kwa kuwa kumi na sita ndio mkono mbaya kuliko yote. Jozi za kumi usiziguse: una ishirini, unataka nini tena? Na jozi za tano zichukulie kama kumi, uongeze dau badala ya kupasua.

Nirudi kwenye kumi na sita, kwa sababu hapo ndipo mwanafunzi hupimwa. Una kumi na sita, mgawaji ana kingi. Ukiomba, thamani nane katika kumi na tatu zitakuunguza. Ukitulia, utashinda tu ikiwa ataungua yeye, na hilo halifiki robo ya mara zote. Hakuna mlango mzuri. Wale wanne wa Aberdeen walipokokotoa walikuta kwamba kuomba kunapoteza kidogo kuliko kutulia, tofauti ambayo kwa macho ya mezani huwezi kuiona. Kwa hiyo unaomba. Mara nyingi utaungua, jirani atakutazama kama mjinga, na bado utakuwa umefanya sawasawa. Mbinu haikuahidi ushindi katika mkono huo. Ilikuahidi hasara ndogo kuliko ya njia nyingine, na kwa jumla ndivyo mchezo mzima ulivyo: hata mchezaji bora hushinda mikono kama 43 katika mia, hupoteza 48 au 49, na iliyobaki ni sare. Pengo hilo huzibwa, karibu lote, na yale malipo ya tatu kwa mbili, na kule kuongeza dau na kupasua kwa wakati wake.

Kuna kitu kimoja zaidi, kinaitwa bima. Mgawaji akionyesha eisi, utaulizwa kama unataka kuweka dau la pembeni kwamba ana karata ya kumi chini yake. Likitimia unalipwa mara mbili. Neno bima ni tamu masikioni mwa mtu mwenye busara, na ndiyo sababu wengi hulipa. Pigeni hesabu nami. Katika mara kumi na tatu, mara nne atakuwa na ya kumi, nawe unapata mbili mara nne, yaani nane. Mara tisa hatakuwa nayo, unapoteza tisa. Umeingia kwa kumi na tatu, umetoka na upungufu wa moja. Kataa kila mara, hata ukiwa na mkono mzuri, na hata mgawaji akikushauri kwa tabasamu.

Sasa, namna ya kujifunza. Msitumie pesa. Kaeni wawili, gawaneni punje za mahindi hamsini hamsini, mmoja awe mgawaji kwa pakiti nzima, kisha mbadilishane. Aliye mgawaji hujifunza zaidi, kwa sababu ataona kwa mikono yake jinsi sita inavyomuunguza na kumi inavyomwokoa. Anzeni na mikono isiyo na eisi mpaka mtu aweze kutoa jibu kabla mwenzake hajamaliza kuuliza: "Kumi na nne kwa saba?" "Omba!" "Kumi na mbili kwa tatu?" "Omba!" "Kumi na mbili kwa nne?" "Tulia!" Baada ya hapo ingizeni jozi, na mikono ya eisi iwe ya mwisho. Wekeni daftari. Andikeni mkono, karata ya mgawaji, uamuzi na matokeo, kila kimoja na safu yake. Na nawasihi jambo moja: mkiulizana kama mtu amecheza vizuri, funikeni safu ya matokeo kwa mkono, msome safu ya uamuzi.

Nalisisitiza hili kwa sababu hapa Njoro tuna watu wanaoliishi kila msimu. Mlowezi Lord Delamere alipolima ngano hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa kutu uliimaliza, na kuanzia hapo mji huu umekuwa wa majaribio ya mbegu. Kituo cha utafiti kimekuwepo tangu 1927, leo kikiwa chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Tangu 2005, aina za ngano kutoka nchi nyingi duniani huletwa hapa kujaribiwa dhidi ya Ug99, ile kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtafiti wa pale hapandi kipande kimoja akasema mbegu hii inafaa. Huirudia katika vipande kadhaa, msimu baada ya msimu, kwa kuwa kipande kimoja kinaweza kustawi kwa sababu ya udongo tu, au kunyauka kwa sababu ya maji yaliyotuama. Mkono mmoja wa karata ni kipande kimoja. Jioni nzima ya karata bado ni vipande vichache mno.

Tazameni ni vichache kiasi gani. Mchezaji anayeifuata mbinu bila kukosea, katika meza yenye kanuni nzuri, hupoteza kwa wastani nusu shilingi katika kila shilingi mia anazoweka. Akicheza mikono 180 kwa jioni moja, shilingi mia kila mkono, hasara yake ya wastani ni kama shilingi 90. Lakini jioni hiyo hiyo bahati peke yake inaweza kumpandisha au kumshusha shilingi 1,500, na hilo si ajabu lolote. Kwa hiyo aliyerudi Njokerio na 1,500 za ziada huamini ameiva, na aliyezipoteza huamini mbinu ni uongo. Wote wawili wamesoma kipande kimoja cha ngano. Ile nusu shilingi haionekani jioni moja, lakini iko kazini kila mkono, na wenye kasino wana subira ya kuingoja.

Hicho ndicho kiasi nilichoahidi kuwatajia. Elimu yote ya mchezo huu, iliyokusanywa na akili kubwa kwa miaka mingi, inakutoa kwenye hasara ya shilingi mbili au zaidi katika mia na kukufikisha kwenye nusu shilingi. Bado ni hasara. Thorp alionyesha njia ya kuivuka, kwa kukumbuka karata zilizokwisha toka, na kasino zikajibu kwa kuchanganya pakiti sita au nane pamoja na kuzirudisha kwenye mashine kabla hazijaisha. Katika michezo mingi ya simu karata huchanganywa upya kila mkono, basi hakuna cha kukumbuka.

Halafu kuna mambo yanayoimeza hiyo nusu shilingi bila kelele. Meza nyingine hulipa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili. Ukiweka mia, unapewa 120 pale ulipostahili 150. Badiliko hilo moja, lililoandikwa kwa herufi ndogo, huiongeza hasara yako hadi karibu mara nne. Kisha kuna kodi. Tangu Julai 2025, hapa Kenya hukatwa asilimia 5 ya pesa unazoingiza kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 ya zile unazozitoa. Weka 1,000, inabaki 950. Ichezee yote mara moja kwa mbinu kamilifu, kwa wastani inabaki kama 945. Itoe, unapokea kama 898. Umepoteza shilingi 102, na katika hizo mchezo wenyewe umechukua tano tu. Mwanafunzi aliyekesha akijifunza kupunguza hasara hiyo ya tano anastahili kuambiwa habari za zile nyingine 97.

Sasa nije kwa lile linaloniuma. Wengi wenu hamchezi ishirini na moja hata kidogo. Mnacheza Aviator, ile ndege inayopaa kwenye simu huku namba ikipanda, nawe unapaswa kutoka kabla haijaondoka. Kampuni iliyoitengeneza yenyewe inatangaza kwamba mchezo hurudisha asilimia 97. Maana yake, shilingi tatu katika kila mia ni za nyumba, mara sita ya zile za mchezaji hodari wa karata, na raundi ni za sekunde chache, kwa hiyo mia moja yako hupita mlangoni mara nyingi kwa dakika chache. Na mpangilio wake ni huu: ukitoka mapema ukiwa na faida ndogo, au ukingoja faida kubwa, wastani wa mwisho ni uleule. Kwenye ishirini na moja uamuzi wako hubadilisha hesabu, kwa kuwa kuna karata wazi mbele yako inayokupa habari. Kwenye ndege hakuna karata wazi. Pahali itakapokatikia pamekwisha chaguliwa kwa bahati nasibu kabla haijaruka, na zile namba za raundi zilizopita, mnazozitazama mkidhani zina mpangilio, hazina habari yoyote ya raundi ijayo.

Kwa hiyo anayekuuzia programu ya kutabiri Aviator anakuuzia kitu kisichoweza kuwepo. Hili si suala la programu nzuri na programu mbaya. Nimesikia vijana wakisema ya fulani ilipatia mara tatu mfululizo. Ukiwatumia watu wengi utabiri tofauti tofauti, lazima wapo watakaopata mara tatu mfululizo, na hao ndio watakaotoa ushuhuda na kulipia mwezi ujao. Pesa za mkopo wa masomo wa HELB zikiingia, wauzaji hawa huwa tayari wanajua tarehe. Mwanangu, zile ni pesa za chakula chako cha muhula na utazilipa na riba. Mwenye programu inayoijua ndege itakatikia wapi hana sababu ya kukuomba shilingi mia tano.

Walimu wa hesabu mnaonisikia, wa Mauche, Lare na Kihingo, nina ombi kwenu. Uwezekano umo kwenye silabasi, na mara nyingi tunaufundisha kwa mipira myekundu na myeusi ndani ya mfuko, ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona maishani mwake. Wapeni bima ya mgawaji waikokotoe. Wapeni ile ndege. Kumi na tatu, nne na tisa ni namba ndogo, zinafanyika ubaoni kabla kengele haijalia, na mwanafunzi aliyezifanya mwenyewe hahitaji kukemewa. Jambo la kukumbuka ni sheria. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari, na kuendesha kamari ya pesa bila leseni ni kosa. Ilikuwa hivyo chini ya sheria ya 1966, na sheria mpya ya kudhibiti kamari ya 2025 haikuilegeza. Ndiyo sababu nilisema punje za mahindi, na zirudi kwenye debe mkimaliza.

Wiki ijayo, saa hizi hizi, tutaishika mikono yenye eisi, ambayo leo nimeiruka makusudi. Kuna mmoja nawaachia mkaufanyie kazi. Una eisi na saba, yaani kumi na nane, na mgawaji anaonyesha tisa. Karibu kila mtu hutulia hapo, akiona kumi na nane ni jumla nzuri. Gawaneni mkono huo mara hamsini mkitulia, na mara hamsini mkiomba, mwandike daftarini. Mkumbuke kwamba karata moja haiwezi kukuunguza, kwa sababu eisi itashuka iwe moja, na kwamba mgawaji mwenye tisa huwa na kumi na tisa mara nyingi kuliko jumla nyingine yoyote. Nitumieni majibu yenu pamoja na safu ya uamuzi, nami nitayasoma hewani.